Kufukiza Nguo za Kuwindia kwa Moshi wa Kuni: Mwongozo kwa Mwindaji wa Dar

Ukiwa mkazi wa Dar na kibali chako cha kuwinda kimetoka, porini hutasumbuliwa na bunduki. Utasumbuliwa na mwili wako: marashi ya jana, sabuni ya unga, mafuta ya nywele, dizeli ya foleni ya Ubungo na jasho la Kariakoo saa nane mchana. Swala kama pala au tohe akivuta hewa hiyo mara moja, hangoji kukuona. Dawa mojawapo ya zamani ni kufukiza nguo kwa moshi wa kuni. Kule Marekani wawindaji wa upinde wanaofuata kulungu wenye mkia mweupe wameishikilia sana, na wapo wasioingia msituni bila kusimama kwanza kwenye moshi. Kwetu pia inafaa, lakini kwa mipaka, na wengi wanaoisifia huiruka mipaka hiyo.

La sheria tulimalize mapema. Uwindaji wa wenyeji unahitaji leseni ya TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, iliyopokea kazi hiyo kutoka Idara ya Wanyamapori mwaka 2016, na silaha yako iwe na leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Pori la Akiba la Pande pale Mabwepande si mahali pa kuwinda, wala misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, hata kama ni karibu na nyumbani kwako. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inakataza sumu, mitego na kuwazungushia wanyama moto. Kwa hiyo moshi ninaouzungumzia hapa unaishia kwenye nguo, nyumbani au kambini. Porini huwashi hata njiti.

Moshi unafanya nini, na haufanyi nini

Jasho likitoka tu halinuki sana. Bakteria wa ngozini ndio wanaolivunjavunja hadi kikajitokeza kikwapa. Zaidi ya hapo, ngozi inapukutisha chembe ndogo mchana kutwa, na chembe hizo zinaondoka na bakteria wake, zinakaa kwenye kola, kwenye kofia, kwenye nyasi ulizopita. Moshi wa kuni una kemikali nyingi, zikiwemo fenoli na asidi, ambazo hunata kwenye nyuzi za nguo na kuwapunguza nguvu bakteria. Ni sababu hiyohiyo, pamoja na kukauka, inayomfanya samaki aliyebanikwa adumu kuliko mbichi. Hiyo ni faida ya kwanza.

Faida ya pili ni kwamba wanyama wetu wameuzoea moshi. Kila kiangazi misitu ya miombo ya Morogoro, Rufiji na Lindi inaungua sehemu kwa sehemu, na wahifadhi wenyewe huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto wa baadaye usiwe mkali. Siku chache baadaye majani mabichi yanachipua kwenye jivu na swala wanayafuata. Mnyama aliyekulia humo hatimui mbio kwa sababu tu pua yake imekutana na harufu ya kuni.

Sasa mipaka. Harufu hazichanganyiki puani mwa mnyama hadi zikawa moja. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Baadaye panya hao wakafundishwa kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo, vitu hivyo vikiwa vimefichwa ndani ya vingine kama kahawa na sabuni ya unga, na wakajaribiwa bandarini hapahapa Dar es Salaam. Waliviona. Kama panya anakitambua kilichofunikwa kwa kahawa, nyati hatashindwa kumtambua binadamu aliyefunikwa kwa moshi. Kinachobadilika ni uzito: harufu yako inakuwa hafifu, imezungukwa na harufu isiyomtisha, na mnyama anachelewa kuamua. Anainua kichwa, anasimama, anarudi kula. Hapo ndipo muda wako ulipo, wala si mrefu.

Kuna pia mahali ambapo moshi unakugeuka. Maeneo yaliyosumbuliwa na majangili wanaokausha nyama juu ya moto, au yaliyozungukwa na matanuri ya mkaa, wanyama wake wana kila sababu ya kuihesabu harufu ya moshi kuwa ni ya mtu. Muulize askari wa wanyamapori wa eneo hilo kabla hujajifukiza. Akikwambia wachoma mkaa wamejaa, fua tu nguo zako na utegemee upepo.

Anza na nguo zenyewe

Pamba na sufu hushika moshi vizuri. Poliesta hushika jasho vizuri zaidi kuliko moshi, na ikikaribia joto inayeyuka. Mitumba ya Karume au Tandika inatosha kabisa: shati la pamba la mikono mirefu, suruali nzito ya kaki, sweta la sufu la asubuhi. Chagua kahawia, kaki au kijani kilichopauka. Usichague bluu wala nyeusi, kwa sababu mbung'o wanazipenda rangi hizo, na wanyama wenye kwato huiona bluu vizuri kuliko nyekundu.

Kwenye mabelo hayo utakutana na nguo za mabakamaka za wawindaji wa Marekani, nzuri, bei poa. Ziache. Kwa Tanzania raia kuvaa sare za jeshi au kitu kinachofanana nazo ni kosa, na JWTZ imelisema jambo hilo mara nyingi. Pala naye hajali mabakamaka yako. Anajali ukitikisika.

Fua kwa sabuni ya mche isiyo na manukato, suuza maji matatu, anika juani mpaka zikauke kabisa. Sabuni ya unga iache, maana ina marashi na nyingi zina kiangazo kinachofanya nguo ing'ae kwa bluu. Hatua hii watu huiruka wakidhani moshi utafunika uchafu. Haufuniki. Nguo yenye jasho la wiki ukiifukiza unapata nguo yenye jasho la wiki na moshi. Ukiniambia nichague kimoja kati ya kufua na kufukiza, nachagua kufua bila kufikiri mara mbili.

Kuni

Mkaa peke yake hautakusaidia, kwa sababu mkaa ni kuni iliyokwisha kumaliza moshi wake ndani ya tanuri. Unautumia kama kitako cha joto, kisha juu yake unaweka kuni kavu zilizokatwa vipande vya saizi ya dole gumba.

Kuni za mwembe ni nzuri na zinapatikana hata mjini watu wakipogoa. Tawi kavu la mkorosho linafaa pia, lakini maganda ya korosho usiyaguse: mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Mgunga ni mzuri. Bora kuliko zote ni kuni za kule unakokwenda kuwinda, zilizoanguka zenyewe, ulizopata kijijini kwa ruhusa, maana ndizo zinazoungua kule kila mwaka. Kwa kukoleza moshi ongeza makumbi ya nazi. Makumbi hayawaki kwa pupa. Yanafuka polepole, na ndiyo maana watu wa pwani wanayatumia kufukuzia mbu jioni.

Vya kukaa navyo mbali ni vingi zaidi. Msonobari una utomvu unaoacha masizi yanayonata. Mkaratusi unanuka dawa ya kifua, na harufu hiyo miombo haiijui. Mikoko inalindwa, haikatwi bila kibali. Mnyaa una utomvu unaoharibu macho, na moshi wake si wa kuchezea; oleanda ya bustanini ni sumu mpaka moshi wake. Mbao za paleti, plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa, nguzo za zamani za umeme: hizo zina gundi na kemikali ambazo hutaki ziingie kwenye nguo wala kifuani mwako. Na tafadhali, usichukue udi. Nyumbani tunafukiza kanga na mashuka kwa udi na ubani, harufu inapendeza, lakini porini utakuwa umejitangaza kwa mnyama yeyote aliye chini ya upepo.

Jiko nalo liangalie. Kama ndilo linalochomea mishikaki, mafuta yaliyodondokea humo yatafuka pamoja na kuni zako, na utavaa harufu ya nyama. Hiyo inaita fisi, haifukuzi swala tu. Tafuta jiko safi, hata lile la bati la bei ndogo.

Kufukiza

Fanya uani, nje, kamwe si ndani. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo hainuki wala haionekani, na inaua watu usingizini. Kama unakaa gorofani, usijaribu kwenye kibaraza. Nenda kwa ndugu mwenye uwanja. Jirani mwenye nguo kambani umwambie mapema, asije akakupeleka kwa mjumbe kwa sababu ya mashuka yake. Weka ndoo ya maji na mchanga karibu, na namba ya Zimamoto ni 114.

Saa ya kufukiza ni alfajiri au baada ya magharibi. Mchana upepo wa bahari ya Dar unaulaza moshi pembeni na unafukiza ukuta wa jirani badala ya shati lako.

Washa mkaa wa kutosha viganja viwili. Usubiri mpaka wote uwe mwekundu na utando wa jivu juu, kisha weka vipande vya kuni na makumbi yaliyochambuliwa. Ziba kwa kipande cha bati ulichotoboa matundu kwa msumari, ili hewa iingie kidogo na kuni zifuke bila kuwaka. Ukiona ulimi wa moto, ondoa bati, rudisha jivu kidogo juu, ziba tena.

Moshi wa mwanzo utatoka mweupe, mzito, unaokaba. Huo usiutumie. Una unyevu na lami nyingi, na ukigusa shati lililokaa ndani yake vidole vinanata. Subiri. Baada ya dakika kumi au zaidi kidogo utaona moshi umekonda, umekuwa na rangi ya samawati ukiutazama dhidi ya ukuta wenye kivuli, na ukinusa hauchomi tena ncha ya pua. Huo ndio moshi wa nguo. Mwembamba kwa muda mrefu unashinda mzito kwa muda mfupi.

Tundika nguo kwenye hanga juu ya kamba, kimo cha kichwa hivi, jiko likiwa chini kidogo kuelekea upepo unakotoka. Weka kiganja pale nguo ilipo: ukiweza kukiacha bila kukiondoa mpaka umehesabu thelathini, joto ni sahihi. Ukishindwa, sogeza jiko. Anza na nguo zikiwa zimegeuzwa ndani nje, kwa sababu harufu yako inakaa upande wa ndani, makwapani, kwenye kola na kiunoni. Nusu saa upande huo, nusu saa upande wa nje. Usiondoke. Makumbi yana tabia ya kuruka cheche pale unapogeuza mgongo.

Usisahau kofia, leso ya shingoni, glavu na mikanda ya begi, maana kichwa na mabega ndiyo yanayopata upepo kwanza. Viatu vikae pembeni, mbali na joto lisije likaachanisha gundi. Nyayo zake zisugue kwa jivu lililopoa. Bunduki na darubini hazifukizwi. Asidi za moshi zinaleta kutu kwenye chuma na utando kwenye lenzi.

Ukimaliza, acha nguo zipigwe na hewa kama saa moja. Zikinuka kama kanga ya mama aliyepika kwa kuni mchana kutwa, ziko sawa. Zikinuka kama kibanda cha nyama choma, umezidisha. Zianike mpaka kesho.

Kuhusu kujifukiza mwili: hii siyo nyungu. Huhitaji shuka wala mvuke, na mvuke utakutoa jasho, jambo ambalo tunalikimbia. Asubuhi ya kuwinda kambini, oga kwa maji na sabuni hiyohiyo ya mche, usipake losheni, simama kando ya moto dakika chache ukiwa umefumba macho, geuka, basi. Usiuvute moshi kifuani. Mwenye pumu asifanye kabisa. Nguo zilizofukizwa na mtu mwingine na kuachwa nje usiku mmoja zinamtosha.

Kuzifikisha salama

Ukizivaa nguo hizo ukiwa Dar, utakuwa umezipoteza kabla ya kufika Kibaha. Zisafiri zimefungwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na viroba vinapitisha hewa, kwa hiyo nunua ndoo mpya ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Isiwe iliyokuwa na rangi au dizeli. Tandika chini majani makavu, tia na vipande viwili vitatu vya kuni vilivyoungua nusu na kupoa kabisa, kisha nguo. Mafuta ya gari jaza ukiwa na nguo za safari, na galoni ya petroli isikae buti moja na ndoo hiyo. Badilisha nguo ukifika, kando ya gari, si ndani yake.

Porini, upepo kwanza

Chukua soksi nyembamba kuukuu, ijaze jivu lililochekechwa la kuni zako, funga mdomo. Ukiigonga kwa kidole inatoa wingu dogo, nalo linakuonyesha harufu yako inaelekea wapi. Igonge kila baada ya hatua kadhaa, kila ukivuka bonde, kila kijua kikibadilika. Wingu likielekea kwa mnyama, zunguka. Usijidanganye kwamba kwa kuwa umefukiza unaweza kumwendea ukiwa juu ya upepo.

Mtu wa pwani anajua kusi na kaskazi, ila bara mambo hayanyooki hivyo. Miezi ya Julai na Agosti kusi bado linakusaidia kukisia upande, lakini kufikia Oktoba na Novemba upepo unayumba mpaka kaskazi ishike. Na katika vilima, alfajiri hewa baridi inateremka mabondeni, jua likishapanda inaanza kupanda nayo. Kwa hiyo alfajiri umkaribie mnyama ukitokea chini yake, na kuanzia saa tatu au nne ufikirie kutokea juu. Kipindi cha kati, hewa ikigeuka, kaa kitako. Wingu la jivu litazunguka palepale, na harufu yako inazunguka nalo.

Si kila mnyama anahitaji shughuli hii. Ukifuata kanga wa porini au kwale, moshi ni kazi bure. Ndege hao wanakushinda kwa macho na masikio. Ngiri macho yake si makali lakini pua anayo, hapo moshi unalipa. Nyati pia, ingawa kwa nyati hesabu ya kwanza ni usalama wako na mwenzako mwenye bunduki. Tembo usimjaribu. Ana jeni za kunusa kama 2,000, mara mbili ya mbwa na mara tano ya binadamu, na katika vijiji vinavyopakana na hifadhi wakulima huchoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi chake ili kumfukuza shambani. Kwake moshi unaweza kumaanisha mtu na ugomvi. Ukikuta dalili zake mbichi, badilisha njia.

Moshi wa nguo unaisha. Jua, jasho na upepo vinauondoa, na kufikia jioni ya siku ya kwanza makwapa yamekwisha kurudi kwenye hali yake. Kambini, kwenye moto ulioruhusiwa, zitundike tena nusu saa kila jioni, zikiwa kavu. Nguo yenye jasho bichi ianikwe kwanza. Utapata na nafuu ya mbung'o kidogo, kwani hawaupendi moshi, na wafugaji wanaikinga mifugo kwa moshi huohuo siku zote. Moto ukimaliza kazi, umwagie maji, koroga, mwagia tena, shika jivu kwa mkono.

Ukirudi Dar, loweka nguo hizo peke yake usiku mzima kabla ya kufua. Ukizitia pamoja na za watoto, sare za shule zitanuka moshi wiki nzima na mwalimu ataleta maswali. Zikikauka zirudishe kwenye ndoo bila kuzifukiza. Moshi uliokaa miezi kabatini hugeuka kuwa harufu ya uvundo, kwa hiyo subiri kibali kingine kitoke ndipo uwashe jiko.